Kiambishi Juu ya Chuma: Upangaji wa Beji za Enameli za Kufadhili Jamii ya Uraibu

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili amezoea kukutana na maandishi yanayobebwa na vitu. Kanga ina jina lake, matatu ina kaulimbiu yake, na hata mkokoteni wa muuza maji huwa na neno la kumjibu jirani. Beji ndogo ya chuma inayobandikwa kifuani au kwenye mkoba haitajwi sana katika orodha hiyo, pengine kwa sababu ya udogo wake, au kwa kuwa huonekana kuwa pambo la skauti na viranja. Hata hivyo, beji hii imekuwa mojawapo ya njia zinazopendwa na jamii za uraibu zinazokutania mtandaoni kila zinapotaka kujichangia fedha za kujiendesha. Makala hii inaangazia jinsi beji ya namna hiyo inavyopangwa, tangu uteuzi wa kauli hadi hesabu ya agizo. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba beji hununuliwa kwa ajili ya kile ambacho asiye mwanajamii hawezi kukisoma, na kwamba mipango mingi huharibika pale ambapo waandalizi huanza na bei na kiwanda, kauli wakaiacha iwe jambo la mwisho.

Ni vyema istilahi mbili zifafanuliwe mapema. Neno uraibu linatumiwa hapa kwa maana iliyozoeleka katika vitabu vya shule vya Kenya, yaani shughuli ya kupitishia wakati ambayo mtu huipenda. Wapo wanaolitumia kwa maana ya kutawaliwa na kileo, na aliyewahi kuona watu wakikesha wakilinganisha beji zao hatashangaa kwamba maana hizo mbili hukaa katika neno moja. Istilahi ya pili ni beji yenyewe. Vijana wengi husema pini. Kiswahili kina pia bizimu, ambalo ni neno la zamani la kifungio cha mshipi au cha vazi, na kipini, pambo la puani la wanawake wa pwani. Bizimu lingefaa sana kwa maana ya kitu kinachofunga na kupamba kwa pamoja, lakini neno likishapotea midomoni mwa watu si rahisi kulirejesha kwa makala moja. Beji linabaki.

Enameli, kwa asili, ni unga wa kioo wenye rangi unaoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la takribani nyuzi 800 hadi ukashikana nacho. Wengi wameishika mikononi bila kuijua kwa jina: yale mabakuli na vikombe vyeupe vya bati vyenye ukingo wa samawati, ambavyo vikianguka hubanduka vipande vidogo na kuonyesha weusi wa chini, vimepakwa enameli. Beji nyingi za leo hazina kioo ndani yake. Hujazwa rangi za utomvu wa viwandani zinazokaushwa kwa joto dogo zaidi, ila jina la zamani limeendelea kutumika.

Wawindaji wa hazina na fulana 144

Ili mjadala usielee hewani, makala hii inachukua mfano wa jamii moja ambayo historia yake inajulikana vyema, nayo ni ya wachezaji wa Geocaching huko Marekani. Tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Rais Bill Clinton iliondoa kizuizi ambacho kilikuwa kikipunguza kwa makusudi usahihi wa mfumo wa GPS kwa raia. Ghafla kifaa cha mkononi kilichokuwa kikimwelekeza mtu mahali fulani kwa kukosea mita nyingi kikaweza kumfikisha karibu kabisa na alipotaka. Siku iliyofuata, Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon. Ndani yake aliweka vitu vidogo vidogo, mkiwemo mkebe wa maharagwe, pamoja na daftari na penseli. Kisha akatangaza viwianishi vya mahali hapo kwa watu waliokuwa na shauku kama yake. Kanuni ilikuwa nyepesi: anayeipata ndoo achukue kitu, aache kitu, na aandike jina lake daftarini.

Mchezo ukaenea. Mnamo Septemba 2000, Jeremy Irish alianzisha tovuti ya kuorodhesha hazina zilizofichwa, wakati huo zikiwa 75 tu. Punde gharama zikazidi mfuko wa mtu mmoja. Yeye na wenzake, Elias Alvord na Bryan Roth, wakaanzisha kampuni, na fedha zao za kwanza zilitokana na kuuza fulana 144 walizokuwa wamepewa kama msaada. Jambo hili linastahili kutiliwa maanani na yeyote anayeshughulikia uhusiano wa jamii na alama zake. Kabla ya matangazo ya biashara na kabla ya uanachama wa kulipia, kilichoutunza mchezo huo ni vazi lenye jina lake. Waliozinunua fulana hizo hawakuwa na haja ya nguo. Walikuwa wakilipia kitu ambacho tayari walikipata bure, na fulana ikawa risiti inayovalika.

Jamii hiyo ilikuza lugha yake upesi. Mtu asiyecheza huitwa Muggle, neno lililokopwa kutoka riwaya za Harry Potter za J. K. Rowling, ambamo humaanisha mtu asiye na uchawi. Daftarini watu huandika TFTC, kifupisho cha Kiingereza cha kumshukuru aliyeificha hazina. Herufi hizo nne hazina maana yoyote kwa mpita njia. Kwa mchezaji, zinabeba matembezi ya saa tatu, miiba, na furaha ya kuona kopo chini ya gogo. Hapo ndipo mtu anayepanga beji anapopaswa kuanza kutazama.

Sarafu iliyosafiri na sarafu iliyokaa kabatini

Tangu mwaka 2001, wachezaji wa Geocaching walianza kutengeneza sarafu za chuma za kuachwa ndani ya hazina. Ya kwanza inahusishwa na mchezaji aliyejulikana kwa jina la Moun10Bike. Sarafu hizi hufuliwa kwa kalibu na kujazwa rangi za enameli kwa ufundi uleule wa beji, tofauti kubwa ikiwa ni kwamba hazina mwiba wa kubandikia. Nyingi huchorwa nambari ya pekee. Anayeikuta sarafu katika hazina moja huiandikisha nambari hiyo mtandaoni, akaihamishia hazina nyingine, na mwenyewe akiwa nyumbani akaweza kufuatilia safari ya sarafu yake kutoka jimbo hadi jimbo, hata ng'ambo ya bahari.

Wazo lilikuwa zuri, na uzuri huo ndio ulioliponza. Kadiri sarafu zilivyopambwa, ndivyo watu walivyozidi kuzitamani. Sarafu nyingi zilizoachwa porini ziliingia mifukoni mwa wakusanyaji zisionekane tena. Wamiliki wakajifunza kuweka sarafu halisi kabatini na kusafirisha nakala hafifu, au kipande cha plastiki chenye nambari ileile. Kitu kilichobuniwa ili kizunguke kikawa kitu cha kufungiwa. Thamani ya soko ilikuwa imeimeza kazi ya ishara.

Kisa hiki hakina budi kuzingatiwa na jamii yoyote inayotaka kufadhiliwa kwa beji. Wapo wanunuzi wa aina mbili. Wa kwanza hununua kwa kuwa ni mwanajamii. Wa pili hununua kwa kuwa beji ni chache. Wa pili hulipa haraka na hulipa zaidi, kwa hiyo huwavutia waandalizi, nao huanza kumtungia yeye: toleo la dhahabu, toleo la fedha, toleo la vipande 25 tu. Ushahidi wa mwelekeo huu uko wazi katika biashara ya beji za Disney. Tangu ubadilishanaji wa beji ulipoanzishwa katika bustani zake za Florida mwaka 1999, soko hilo limeandamwa na nakala zisizoidhinishwa, nyingine zikisemekana kutoka katika kalibu zilezile za viwanda vilivyopewa kazi halali. Jamii ndogo ikishika njia hiyo itapata fedha kwa msimu mmoja au miwili, na baada ya hapo wanachama wake wa kawaida watakuwa wamejifunza kwamba beji ya jamii yao haiwahusu wao.

Arudhi ya chuma

Mtungaji wa beji hufungwa na kanuni kali kuliko zile za shairi la tarbia. Beji nyingi huwa na upana wa milimita 25 hadi 40. Kila rangi lazima izungushiwe ukuta wa chuma, kwa kuwa rangi humiminwa ikiwa majimaji na bila ukuta ingeingiliana na jirani yake. Kwa sababu hiyo, rangi haiwezi kufifia polepole kutoka nyekundu hadi manjano kama inavyofanya kwenye picha ya karatasi: itakoma palipo na ukuta, na rangi nyingine ianze. Ukuta wenyewe hauwezi kuwa mwembamba kupita kiasi, na viwanda vingi hukataa mstari usiofikia takribani milimita 0.2. Herufi zikiwa ndogo mno, matundu ya a na e huziba, neno likawa doa.

Kuna namna mbili kuu za kujaza rangi. Katika enameli laini, rangi hukaa chini kidogo ya kuta, hivyo kidole kikipita juu yake huhisi matuta. Katika enameli ngumu, rangi hujazwa hadi juu kisha uso wote husuguliwa na kung'arishwa hadi ukawa tambarare. Namna ya kwanza ni rahisi na huifaa michoro yenye mistari mingi. Ya pili hugharimu zaidi, hudumu zaidi, na hukaribia ule mng'aro wa kioo cha kale. Waandalizi wengi huchagua enameli ngumu kwa sababu tu jina lake linasikika vizuri, ilhali mchoro wao ungenufaika na matuta.

Kipo pia kipengele kimoja cha nyuma ya beji ambacho husahauliwa na kila anayetengeneza beji kwa mara ya kwanza. Beji yenye mwiba mmoja huzunguka. Iwapo ni duara lenye picha ya jua, hakuna atakayejali. Iwapo ina neno, baada ya nusu saa ya kutembea neno hilo litakuwa limelala chali. Beji ya maneno yahitaji miiba miwili.

Wanamapokeo watafurahi kusikia kwamba hakuna aliyewahi kuushinda ukuta wa chuma kwa hoja ya ushairi huru. Mchoraji anayeleta picha nzuri ya kompyuta yenye vivuli na ukungu atarudishiwa na kiwanda, na mara nyingi ile anayoichora mara ya pili, akiwa amelazimika kupunguza, huwa bora kuliko ya kwanza.

Kauli: mtendwa asiyetajwa

Katika nafasi hiyo ya milimita 30, ni neno gani liandikwe? Chukulia kwamba wachezaji wa Kiswahili wa mchezo huu wanataka beji yao wenyewe. Pendekezo la kwanza, kwa kawaida, ni jina: Mtafuta Hazina. Ni pendekezo salama, tena sahihi kisarufi, lakini halina mvuto. Humweleza mgeni kila kitu na halimwachii mwenyeji chochote. Anayeliona huelewa, akapita.

Pendekezo la pili lingekuwa kukopa TFTC. Hili lina siri, ila siri yake ni ya wengine. Isitoshe, kifupisho hakikubaliki kwa urahisi katika Kiswahili kama katika Kiingereza. Mswahili hufupisha majina ya vyama na taasisi, lakini ni nadra afupishe sentensi nzima kwa herufi za mwanzo.

Kiswahili hakina haja ya kufanya hivyo, kwa kuwa kitenzi chake tayari kimefupishwa. Tazama neno Nimeipata. Lina herufi 9. Ndani yake mna mtenda, wakati, mtendwa na tendo, yaani sentensi kamili ambayo Kiingereza kingehitaji maneno manne kuieleza. Kwa mtu anayelipia chuma kwa milimita, lugha ambishi bainishi ni hazina ya pekee. Uchanganuzi wa neno hilo unaonyesha kwamba faida yake si ufupi pekee.

Kiambishi ni- humfanya mvaaji kuwa msemaji. Beji haimtaji kama bango linavyomtaja mtu, bali huongea kwa kinywa chake. Kiambishi -me- huonyesha tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo. Lau ingeandikwa Niliipata, msomaji angehisi kisa cha zamani, tena angeweza kujiuliza kama kitu hicho kilipotea baadaye. Nimeipata hubaki kuwa kweli kila asubuhi beji inapovaliwa.

Hata hivyo, uzito wote wa beji umo katika -i-. Hiki ni kiwakilishi cha mtendwa wa ngeli ya I-ZI katika umoja, na kwa kawaida hurejelea nomino iliyokwisha kutajwa. Kwenye beji haijatajwa nomino yoyote. Kirejelewa hakipo. Mpita njia akisoma, sarufi yenyewe humsukuma aulize: "Umeipata nini?" Mchezaji mwenzake hahitaji kuuliza hivyo, kwa kuwa nomino imo kichwani mwake tayari. Yeye huuliza: "Wapi?" Maswali hayo mawili yanawatenganisha wageni na wenyeji kwa uwazi kuliko nembo yoyote, na pengo linalowatenganisha lina upana wa irabu moja.

Kutokana na hayo, jamii inayotaka kauli ya namna hii inapaswa kwanza kukubaliana kuhusu nomino yake. Ikiwa wanakiita kile kilichofichwa hazina, ni Nimeipata. Ikiwa ni kopo au kasha, ni Nimelipata. Ikiwa ni kisanduku, ni Nimekipata. Uamuzi huu ni wa kiistilahi, nao hauna budi kutangulia kalibu, maana kosa la upatanisho wa kisarufi likishachongwa kwenye kalibu huzaliana katika kila nakala. Wapo watakaosema kwamba mitaani -i- hutumiwa kwa kila kitu, kopo na kisanduku vikiwemo, kwa hivyo hakuna atakayegundua. Hoja hiyo ina ukweli wake kuhusu mazungumzo ya mitaani. Beji ya wapenzi wa Kiswahili, hata hivyo, huvaliwa mbele ya watu ambao kugundua mambo hayo ndiyo starehe yao kuu.

Ulinganisho na kanga hauepukiki. Jina la kanga nalo hupenda kuacha kirejelewa wazi: anayelengwa hutambua kwamba ndiye, na jirani asiyehusika huona methali tu. Tofauti ni kwamba kanga husema na mtu mmoja mbele ya wengi, ilhali beji hutafuta wachache wasiojulikana walipo miongoni mwa wengi. Kanga hufumba ili kuchoma. Beji hufumba ili kuitana.

Hesabu ya agizo

Kauli ikishapatikana, ndipo fedha zizungumziwe. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu, lakini uhusiano uliopo kati yake ni wa kweli, nao ndio unaowaangusha wengi.

Chukulia kuwa kalibu inagharimu shilingi 8,000, kiasi kisichobadilika hata beji zikiwa ngapi. Kwa agizo la beji 100, kila moja ni shilingi 180, jumla 18,000. Usafiri na forodha ni 6,000, kadi na mifuko ya kufungashia 2,000. Jumla kuu ni shilingi 34,000, yaani 340 kwa kila beji. Zikiuzwa kwa 500, lazima beji 68 zinunuliwe kabla ya jamii kupata hata shilingi moja. Kiwanda sasa kinatoa shauri: ukiagiza 300, bei ya kila moja itashuka hadi 130. Beji ni 39,000, kalibu ileile 8,000, usafiri na forodha 10,000, kadi na mifuko 6,000, jumla 63,000. Gharama ya kila beji imeshuka hadi 210, na mweka hazina anatabasamu. Lakini kiwango cha kurudisha fedha kimepanda kutoka beji 68 hadi 126. Jamii yenye wanunuzi 100 ingepata faida kwa agizo la kwanza. Kwa agizo la pili, wanunuzi walewale 100 wataleta 50,000, na jamii itabaki na deni la 13,000 pamoja na maboksi ya beji chini ya kitanda cha mtu.

Hata agizo la beji 100 halileti zile 16,000 zinazoonekana kwenye karatasi. Beji chache hutoka kiwandani zikiwa na mikwaruzo au rangi iliyomwagika. Wapo wanaojitolea kuendesha jamii usiku na mchana ambao si vyema wauziwe. Zikitolewa 5 zenye kasoro na 10 za shukrani, hubaki 85 za kuuza. Mapato yatakuwa 42,500 na faida 8,500. Hicho ndicho kiasi cha kuwatangazia wanachama, na ikiwa hakitoshi kulipia mtambo wa mtandaoni kwa mwaka, ni heri jambo hilo lijulikane kabla ya kalibu kuchongwa.

Njia ya kupunguza hatari ni kukusanya malipo kwanza. Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, iliwazoesha watengenezaji wa beji utaratibu ambao mchangiaji hatozwi chochote lengo lisipofikiwa. Kwa Mkenya aliyekulia katika harambee, somo hili si geni. Anajua tofauti iliyopo kati ya ahadi inayotangazwa kwa kipaza sauti na noti inayowekwa mezani, na tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007 kisingizio cha kutokuwa na fedha taslimu kimepungua. Watu 150 wakisema "nitachukua moja", huo ni ukarimu wa ulimi. Watu 70 waliolipa ni agizo. Kura ya maoni isiyo na malipo ifae kuchagulia rangi tu, isichaguliwe nayo idadi.

Haki, kalibu, na upande wa nyuma

Wachezaji wa Geocaching wana kinyago chao kiitwacho Signal, chura mwenye antena kichwani. Ni mchoro unaopendwa sana, na ni alama ya kampuni. Mwanachama aliyempenda chura huyo kwa miaka 10 hupata uchungu kuambiwa kwamba hawezi kumtia kwenye beji bila idhini, lakini sheria haipimi mapenzi. Jambo hilohilo huwakumba wapenzi wa riwaya, filamu na michezo ya kompyuta, ambao jamii zao hujengwa juu ya mali ya watu wengine. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda michoro pamoja na kazi za fasihi. Hii ni sababu nyingine ya kuipendelea kauli itokayo katika mazungumzo ya wanajamii wenyewe. Hakuna kampuni inayomiliki -i-.

Makubaliano na kiwanda yaandikwe, yakieleza kalibu ni ya nani, itahifadhiwa kwa muda gani, na kwamba haitafuliwa beji nyingine bila agizo. Mchoraji naye alipwe, au akubali kwa maandishi kuwa amejitolea. Jamii nyingi ndogo huvunjika kwa sababu ya mchoro uliotolewa kwa urafiki na kuuzwa kwa fedha.

Upande wa nyuma wa beji kwa kawaida huachwa mtupu, au hupewa kiwanda kitie chapa yake. Hapa wauza kanga wa Mombasa wana la kufundisha. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla na ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, alitia alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla kwenye nguo zake, hata mnunuzi akajua ametokea wapi. Nyuma ya beji pana nafasi ya jina la jamii, ambalo mbele liliachwa ili kauli ipate kupumua. Pana nafasi ya mwaka pia. Mwaka usiwekwe mbele. Beji iliyoandikwa mwaka wake usoni huanza kuchakaa Januari inayofuata, na zile 20 zilizosalia hazitamwita mtu yeyote. Mwaka ukikaa nyuma, mwanachama mpya anayejiunga baada ya misimu miwili ataweza kuuziwa moja kwa bei ileile ya 500, na siku atakapoigeuza kuifunga ndipo atakapouona mwaka ambao yeye hakuwapo.